Mchoro wa Kizungu kwenye nyumba ya shamba la zamani Mufindi: tutajuaje haukuporwa kwa Wayahudi kabla ya kumuuzia dalali?

Mwanakamati_Mafinga

Wakuu, kamwene. Naomba msaada wa wanaojua mambo ya sanaa na nyaraka.

Kwenye nyumba ya shamba la zamani la walowezi huku Mufindi, ambayo sasa iko chini ya kamati ya kijiji, kuna mchoro wa rangi ya mafuta kwenye kitambaa. Unaonyesha mto, miti mirefu mitatu na mwanamke anafua. Ukitolewa kwenye fremu kimo chake ni sentimita 46 na upana 61. Saini haisomeki. Nyuma kuna karatasi ya njano iliyochanika nusu, imebaki na herufi "Kunsth" na chini yake "Berlin W". Kuna kikaratasi cha mviringo chenye namba 318. Kuna lakiri nyekundu iliyovunjika kwenye ubao wa juu, na mstari mmoja wa penseli ambao hata anayejua Kijerumani hapa hakuusoma.

Dalali kutoka Dar ametaja shilingi milioni nne na anataka jibu kabla mwezi haujaisha. Anashauri tubadilishe mbao za nyuma kwa sababu zimetobolewa na wadudu, na hizo karatasi zitupwe maana zinachafua. Wajumbe wengine wanataka tuuze leo, fedha ziende kwenye paa la zahanati. Wengine wamesikia kuwa wafanyabiashara wa sanaa Ulaya walitajirika kwa michoro ya Wayahudi waliokuwa wakiteswa na Wanazi, na kwamba michoro hiyo mpaka leo inazunguka.

Maswali yangu: hao wafanyabiashara walipataje faida hasa, ikiwa mnada ulikuwa wa wazi? Mchoro kama huo ungefikaje Nyanda za Juu Kusini? Na tuanzie wapi kuuchunguza?

---

Nyaraka_Gangilonga

Kamwene kaka. Kabla ya yote, msibadilishe ubao hata mmoja na msitupe hata kipande cha karatasi. Anayewaambia mtupe karatasi za nyuma ni sawa na anayewaambia mchome hati ya shamba kwa kuwa imechakaa. Usalama wa mchoro sokoni uko nyuma yake, na dalali analijua hilo kuliko kamati.

Kuhusu faida. Watu wengi wakisikia uporaji hufikiria askari wakivunja mlango. Huo ulikuwepo, hasa Ufaransa, ambako kikosi cha Rosenberg kilichojulikana kwa herufi ERR kilikusanya mali za familia kama Rothschild na David-Weill katika jumba la Jeu de Paume, Paris. Lakini ndani ya Ujerumani na Austria sehemu kubwa ilipita mnadani, kwa katalogi iliyochapwa na risiti iliyopigwa mhuri. Ndiyo maana leo ni vigumu kuitambua.

Angalia jinsi kamba ilivyokazwa. Kodi ya kukimbia nchi ilikuwepo tangu 1931, asilimia 25 ya mali. Wanazi mwaka 1934 wakashusha kiwango cha kuanza kuitoza kutoka marki (fedha ya Ujerumani) 200,000 hadi 50,000, ikawakamata na watu wa kipato cha kati. Tarehe 26 Aprili 1938 kila Myahudi mwenye mali ya zaidi ya marki 5,000 aliamriwa kuiorodhesha. Baada ya ghasia za Novemba mwaka huo, ambazo Wayahudi walishambuliwa nchi nzima, wakatozwa kwa pamoja faini ya marki bilioni moja. Aliyeuza mchoro ili alipe, fedha yake iliingia kwenye akaunti iliyofungwa, na akitaka kuihamishia nje alikatwa: ilipofika Septemba 1939 makato yalikuwa asilimia 96. Novemba 1941 ikatoka amri kwamba Myahudi aliye nje ya nchi, hata aliyepelekwa kambini kwa nguvu, mali yake ni ya serikali.

Mfanyabiashara wa sanaa alikula pande zote za hali hiyo. Alinunua kwa mtu asiyeweza kukataa bei wala kungoja wiki moja. Kama ni dalali wa mnada, alichukua ada kwa muuzaji na ada kwa mnunuzi. Na mshindani wake Myahudi aliondolewa sokoni na serikali. Hii ya mwisho inasahaulika, nami naiona ndiyo kubwa kuliko zote. Mwaka 1935 chama cha serikali cha sanaa kiliwaandikia wafanyabiashara Wayahudi wafunge biashara zao. Max Stern wa Düsseldorf alipata barua hiyo, na michoro ya duka lake zaidi ya 200 ikauzwa Cologne kwenye mnada wa Lempertz tarehe 13 Novemba 1937. Berlin, nyumba ya mnada ya Paul Graupe ilipita kwa Hans W. Lange. Munich, Adolf Weinmüller alichukua nafasi ya Hugo Helbing, mzee aliyepigwa usiku wa ghasia za Novemba 1938 akafa kabla mwezi haujaisha. Amsterdam, Alois Miedl alichukua kampuni ya Jacques Goudstikker mwaka 1940 akaendelea kufanya biashara kwa jina lilelile la Goudstikker, kwa sababu jina ndilo lililovuta wateja. Goudstikker mwenyewe alikuwa ameshafariki melini akikimbia. Mfukoni alikuwa na daftari dogo jeusi lenye orodha ya michoro zaidi ya 1,100, na kwa daftari hilo warithi wake walirudishiwa michoro 202 na serikali ya Uholanzi mwaka 2006.

Kuna pia waliokwenda mlangoni wenyewe. Friedrich Welz alikuwa ameshachukua duka la Lea Bondi mjini Vienna. Mwaka 1939 akaenda nyumbani kwake, akaona ukutani mchoro wa Egon Schiele wa mwanamke aitwaye Wally. Ulikuwa wa Lea binafsi, haukuwa wa duka. Welz akaung'ang'ania. Mume wa Lea akamsihi mkewe autoe, kwa kuwa walikuwa karibu kukimbia na Welz angeweza kuwazuia wasitoke. Hakuna mlango uliovunjwa hapo.

Vita vilipoisha, wengi wao walirudi kazini. Karl Haberstock, aliyemuuzia Hitler michoro zaidi ya mia, alifanya biashara Munich hadi alipofariki 1956. Bruno Lohse, mtu wa Göring (kiongozi wa Kinazi aliyejikusanyia sanaa) kule Paris, alipofariki 2007 sanduku la benki mjini Zurich lilikutwa na mchoro wa Pissarro ulioibwa kwa familia ya Fischer. Michoro ya Hildebrand Gurlitt, mfanyabiashara mwingine wa wakati huo, zaidi ya elfu moja, ilikaa kwenye nyumba ya mwanawe hadi maofisa walipoingia 2012.

Sasa, ungefikaje Mufindi? Njia ni nne ninazoziona, na kila moja ina maana tofauti:

Moja, mlowezi aliuleta kabla ya 1933. Wajerumani waliruhusiwa kurudi Tanganyika tangu 1925 na wengi walipata mashamba Iringa, Mufindi na Mbeya. Ukithibitisha hilo, suala la Wanazi halipo.

Mbili, uliletwa kati ya 1933 na 1939. Hapa ndipo pa kuchunguza, kwa kuwa minada ya Berlin na Hamburg ilikuwa imejaa vitu vya waliokuwa wakikimbia, na bei zilikuwa za kutupwa.

Tatu, uliletwa na familia ya Kiyahudi yenyewe iliyokimbilia Afrika Mashariki, au na mkimbizi wa Kipolandi. Wapolandi walikuwa na kambi Ifunda na Kidugala wakati wa vita.

Nne, uliletwa baada ya 1945 na mwenye shamba mpya. Hii ni hatari kama ya pili, kwa sababu soko la baada ya vita lilikuwa na vitu vingi vilivyoporwa.

Ili mjue ni njia ipi, tafuteni orodha ya mali za shamba. Wajerumani walipokamatwa 1939, mashamba yao yaliwekwa chini ya Mtunza Mali za Adui, na vitu vya ndani viliorodheshwa na vingi kuuzwa. Andikieni Nyaraka za Taifa Dar es Salaam mkitaja jina la shamba, wilaya ya wakati huo (Iringa, si Mufindi) na jina la mlowezi. Wengi hukosea hapo: wanatafuta kwa jina la wilaya ya leo na kujibiwa hakuna.

---

FundiFremu_Mwanjelwa

Naongezea upande wa mikono, maana hapo ndipo ushahidi hupotelea.

Mchoro ulazwe uso chini juu ya meza iliyotandikwa blanketi safi na juu yake shuka jeupe la pamba. Wabebe watu wawili, mikono ikiwa mikavu. Vumbi la nyuma liondolewe kwa brashi laini ya rangi, pana kama vidole vitatu, ukipiga kutoka katikati kwenda nje. Kitambaa chenye maji hapana, mafuta ya taa hapana. Wino wa zamani huyeyuka kwa tone moja, na gundi ya karatasi za miaka ile ikilowa huvimba, karatasi inabanduka na maandishi yanabaki kwenye kidole chako.

Pigeni picha hivi: mbele nzima, nyuma nzima, pembe nne, kila ubao wa kuwambia kwa urefu wake, kabari zote za pembeni, kingo zenye misumari, kisha kila alama karibu huku rula ikiwa kando yake. Simu ya kawaida inatosha ikiwa mwanga ni wa dirisha, bila fleshi. Picha kama thelathini hivi.

Mstari wa penseli: zimeni taa, leteni tochi pembeni kabisa, mwanga utambae juu ya ubao kama jua la jioni. Penseli huacha mfereji, kivuli chake kitasomeka. Kwa wino uliofifia tumieni tochi ya kukagulia noti, ile ya mwanga wa zambarau. Wino wa zamani wa chuma huonekana mweusi chini ya mwanga huo. Kwa penseli tochi hiyo haisaidii.

Mwandiko usioutambua huenda ni wa Kijerumani cha zamani. Humo "e" hufanana na "n" yetu na "h" ina vitanzi juu na chini. Muulize mtawa au mchungaji mzee aliyesoma vitabu vya misheni vya kabla ya vita, Rungwe au Peramiho. Hao ndio waliozoea kuusoma.

Maana ya mnavyoviona. "Kunsth" inaweza kuwa Kunsthandlung, yaani duka la sanaa, au Kunsthaus, au Kunsthändler, yaani mfanyabiashara wa sanaa. Msilikamilishe neno kwa kubahatisha, andikeni herufi zilizopo tu. "Berlin W" ni eneo la posta la magharibi mwa jiji, ambako maduka mengi ya sanaa yalikuwa. 318 ya mviringo inafanana na namba ya mnada. Lakiri mara nyingi ni ya forodha au ya mwenye mkusanyiko. Pigeni picha hata vile vipande vidogo, maana kipande cha mbawa au taji kinatosha kutambua nembo.

Ambavyo hamkuvitaja lakini mvitafute: namba kwa penseli nene ya bluu, hasa yenye mkwaju katikati kama 1234/5. Kituo cha Wamarekani cha kukusanyia mali zilizoporwa Munich kiliandika namba zake nyuma ya michoro kwa namna hiyo. Na herufi za ERR zikifuatwa na namba: R ni Rothschild, DW ni David-Weill, MA-B ni michoro iliyobebwa kwenye nyumba tupu za Wayahudi, UNB ni mwenyewe hakujulikana. Mkikuta yoyote kati ya hizo, simamisheni mauzo siku hiyohiyo.

Jambo lingine: 46 kwa 61 ni saizi ya kiwanda ya Kifaransa, namba 12 ya mandhari. Haithibitishi kuwa mchoraji alikuwa Mfaransa, vitambaa hivyo viliuzwa kote Ulaya. Ila inatosha kuwafanya mtafute na upande wa Ufaransa, si Ujerumani peke yake.

Matundu ya wadudu: gongeni ubao taratibu juu ya karatasi nyeupe. Ukitoka unga mpya wa rangi ya maziwa, wadudu wapo hai. Fungeni mchoro kwenye nailoni peke yake, mbali na samani nyingine, mkatafute ushauri wa makumbusho. Msipulize dawa ya mende. Na usitundikwe kwenye chumba chenye moto wa kuni. Kwa ukungu wa Mufindi, mahali pazuri ni ukuta wa ndani usiogusa nje, mita moja kutoka sakafuni.

---

Lugalo1891

Samahani wakuu, sipingi elimu. Lakini kijiji kinahitaji paa. Na mafuvu ya mababu zetu bado yako kwenye makabati ya Ujerumani. Kwa nini sisi wa Uhehe tuwe wa kwanza kuhangaikia mali za watu wa Berlin?

---

Nyaraka_Gangilonga

Ndugu yangu Lugalo, uchungu wako una haki. Mwaka 1919 Mkataba wa Versailles, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa ndani ya miezi sita. Lilirudi 1954, baada ya kupatikana kwenye makumbusho ya Bremen, nalo sasa liko Kalenga. Miaka 35 badala ya miezi sita. Tulicheleweshwa kwa jibu gani? Kwamba hakuna karatasi, haijulikani lilipo, waliolishika hawana habari. Jibu hilohilo ndilo walilopewa warithi wa Kiyahudi walipokwenda kuuliza michoro yao. Anayedai fuvu la babu yake Berlin ana nguvu zaidi akiwa hajauza mchoro wa bibi wa mtu mwingine kimyakimya.

Halafu kuna hesabu ya kawaida kabisa. Milioni nne ni bei ya mchoro usio na historia. Ukichunguzwa ukaonekana safi, bei inapanda, kwa sababu nyumba kubwa za mnada London na New York hazipokei mchoro wa Ulaya bila kuuliza ulikuwa wapi kati ya 1933 na 1945. Dalali akitupa karatasi, yeye atautungia historia nyingine huko mbele. "Mkusanyiko binafsi, Uswisi" ni maneno mawili matatu yaliyofunika mambo mengi sana katika biashara hii.

Na msidhani kijiji kiko mbali mno kuonekana. Agosti 2025 mchoro wa Goudstikker, picha ya mwanamke iliyochorwa na Ghislandi, ulionekana Mar del Plata, Argentina, juu ya sofa, kwenye tangazo la kuuza nyumba. Waandishi wa habari wa Uholanzi waliona picha ya tangazo tu. Ulikuwa umepotea kwa miaka 80.

---

Mwanakamati_Mafinga

Ahsanteni sana. Lugalo, paa bado lipo kwenye ajenda, ndugu yangu. Tutafute wapi basi, na kwa utaratibu gani? Intaneti ipo ya simu tu. Na kisheria tunasimama wapi?

---

Nyaraka_Gangilonga

Simu inatosha. Anza na kanzidata ya Lost Art ya Ujerumani, inayoendeshwa na taasisi iliyoko Magdeburg. Ni bure. Humo kuna matangazo ya aina mbili: vinavyotafutwa na familia, na vilivyopatikana bila mwenyewe kujulikana. Tafuta kwa maudhui, kwa kuwa mchoraji hamumjui. Tumia maneno ya Kijerumani: Flusslandschaft ni mandhari ya mto, Wäscherin ni mwanamke anayefua. Weka vipimo, lakini acha nafasi ya sentimita mbili kila upande. Wengine walipima pamoja na fremu, na wengine waliandika upana kwanza.

Pili, maktaba ya Chuo Kikuu cha Heidelberg imeweka mtandaoni katalogi za minada ya Kijerumani hadi 1945. Hapo ndipo namba 318 itafanya kazi. Chuja minada ya Berlin ya 1933 hadi 1945, fungua ukurasa wenye kitu cha 318 katika kila katalogi, linganisha maelezo. Ni kazi ya jioni nyingi, gawaneni. Tahadhari moja: maandishi ya kale ya Kijerumani yakisomwa na kompyuta, "s" ndefu hugeuka "f". Kwa hiyo tafuta pia "Wäfcherin", na Fluss uiandike pia "Fluß". Wengi hutafuta mara moja, wakakosa, wakasema mchoro ni safi.

Katalogi za wakati huo zina maneno ya kuangalia. Nachlass ni mali ya marehemu. Nichtarischer Besitz ni "mali ya asiye Mwaria", na hilo halihitaji tafsiri zaidi. Jina la mleta mali mara nyingi limefichwa kwa herufi moja, na ufunguo wake uko kwenye nakala za ndani za dalali. Kwa mnada wa Weinmüller nakala hizo zilikutwa Munich mwaka 2013 kwenye kabati la chuma na majina yamewekwa wazi.

Tatu, kwa sababu ya ile saizi ya Kifaransa, kanzidata ya ERR ya Jeu de Paume. Ina kadi na picha nyingi za wakati huo. Nne, programu ya simu ya Interpol iitwayo ID-Art.

Mkipata jina la familia, nendeni kwenye kumbukumbu za wahanga wa Wanazi, za Arolsen na za Yad Vashem, kujua kilichowapata. Kama waliishi Berlin, faili za ofisi ya fedha iliyowanyang'anya ziko kwenye hifadhi ya nyaraka ya Potsdam, na mara nyingi zina orodha ya vitu vya nyumbani, chumba kwa chumba, hadi mito ya kitanda.

---

Uyole_Sheria

Nijibu la sheria kwa ufupi wa kutosha.

Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa ilifuata mkondo wa Kiingereza: asiye mmiliki hahamishi umiliki, isipokuwa pale sheria yenyewe inapotoa nafasi. Kwa hiyo kukaa kwenye nyumba miaka themanini si hati. Uswisi na nchi nyingi za bara la Ulaya humlinda zaidi mnunuzi wa nia njema, ndiyo maana vitu vingi vilipitishwa huko.

Kanuni za Washington za 1998 kuhusu sanaa iliyoporwa na Wanazi, zilizokubaliwa na nchi 44, si sheria ya kushtakia mtu. Zinataka suluhisho la haki na usawa. Marekani ilitunga sheria yake 2016, iliyompa mrithi miaka sita tangu agundue kitu kiko wapi na haki yake ni ipi. Mchoro wenu ukiingia huko siku moja, mrithi anaweza kujaribu kuudai huko.

Swali lenu la mnada wa wazi lina jibu zuri kwenye Sheria namba 59 ya utawala wa Wamarekani Ujerumani, ya 1947. Mauzo yoyote ya mtu aliyeteswa kati ya 30 Januari 1933 na 8 Mei 1945 yalidhaniwa kuwa ya kulazimishwa hadi ithibitishwe vinginevyo. Mnunuzi alipaswa kuonyesha kuwa bei ilikuwa ya haki na kwamba muuzaji aliipokea akaitumia apendavyo. Kwa mauzo ya baada ya sheria za Nuremberg za Septemba 1935, zilizowanyima Wayahudi uraia, alipaswa kuonyesha pia kuwa mauzo yangefanyika hata kama Wanazi wasingekuwepo, au kwamba yeye mnunuzi aliyalinda maslahi ya muuzaji kwa namna ya pekee. Hapo kwenye "aliipokea akaitumia" ndipo hoja nyingi za wafanyabiashara huanguka, kwa sababu ya ile akaunti iliyofungwa. Mchoro mmoja wa mnada wa Max Stern ulikutwa Rhode Island, umerithiwa ndani ya familia ya mnunuzi wa 1937. Mahakama ya rufaa ya Marekani mwaka 2008 ilikubali kuwa uuzwaji ule haukuwa wa hiari, ijapokuwa katalogi ilikuwepo na watu walinyoosha mikono.

Kwa kamati: andikeni muhtasari wa kikao kuwa mauzo yamesimamishwa hadi uchunguzi uishe. Mwambieni dalali kwa maandishi. Asaini kuwa ameona mchoro ukiwa na alama zake zote, mkizitaja moja moja. Akikataa kusaini, mmeshajua. Kama siku moja mtauza, msisaini mkataba unaosema mnahakikisha umiliki ikiwa hamna uhakika huo, maana mnunuzi anaweza kuwarudia. Makumbusho ya Seattle ilirudisha mchoro wa Matisse kwa warithi wa Paul Rosenberg, mfanyabiashara Myahudi wa Paris (si yule wa ERR), mwaka 1999, na ikalishtaki duka la sanaa la Knoedler lililouuza 1954, wakapatana mwaka 2000. Na kabla haujavuka mpaka, ulizeni Idara ya Mambo ya Kale kwa barua.

Ukilingana na tangazo la familia, msianze kwa kutaja fedha. Toeni taarifa ya kitu kilichopatikana Lost Art, na wao wataunganisha. Mapatano yapo ya namna nyingi: kurudisha, kuuza na kugawana, au kubaki nacho kwa fidia. Ule mchoro wa Wally ulibaki Vienna baada ya warithi wa Lea Bondi kulipwa dola milioni 19 mwaka 2010, kwa sharti kwamba maelezo ya ulivyochukuliwa yawekwe kando yake kila unapoonyeshwa.

---

Mwanakamati_Mafinga

Tumefanya ya tochi pembeni. Penseli inasoma "aus Bes. Frau", kisha herufi kubwa ambayo ni S au L, kisha nukta. Mwisho ni mwaka: 1931 au 1937. Tarakimu ya mwisho ndiyo inatugawa hapa.

---

Nyaraka_Gangilonga

"Aus Bes." ni aus Besitz, yaani kutoka kwenye mali ya Bi fulani. Sasa tarakimu. Mjerumani huandika 1 kwa mkia mrefu unaopanda kutoka kushoto, kwetu inaonekana kama 7. 7 yake huwa na mstari mfupi unaokatiza katikati. Lakini msihukumu kwa hiyo peke yake: tazameni ile 1 ya kwanza ya mwaka huohuo. Mkono ni mmoja. Kama tarakimu ya mwisho inafanana na ya kwanza, ni 1931, na kazi inayobaki ni kujua nani aliushika kuanzia hapo hadi ulipofika Mufindi. Kama haifanani, anzeni kwenye katalogi za Berlin za 1937, na herufi S na L zote mbili.

Pigeni tena picha mwanga ukitoka kulia, kisha ukitoka chini. Mstari wa kukatiza hauonekani mwanga ukitambaa sambamba nao.